Bega Linalochagua Kazi

Kwetu, karatasi yoyote yenye muhuri husomwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilianza nikiwa darasa la tano. Barua za chama cha kahawa, maagizo ya dawa ya ng'ombe, fomu za shule, hati ya shamba, vyote huletwa mezani kwa Mama. Mimi husimama, nikasoma Kiingereza kidogo ili wasikie kwamba kweli ni Kiingereza, halafu nikawaeleza kwa Kiembu. Hakuna anayeuliza swali. Katika miaka hiyo yote sijawahi kusema, "Hapa sijaelewa." Nilijifunza mapema kwamba neno gumu unaweza kuliruka kama unavyoruka dimbwi njiani, na hakuna atakayejua mradi usipunguze mwendo.

Ninaandika haya kwa sababu ya mistari michache niliyoiruka Jumapili moja, na aliyeumia si mimi. Ni mke wa ndugu yangu mdogo.

Wifi yangu aliolewa kwetu Kanja akitokea upande wa Runyenjes. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kusomea kusuka nywele, na alikuja na begi la vitana, sindano za kushonea nywele na kioo kikubwa kilichofungwa kwa blanketi. Mwenye saluni moja ya Runyenjes alikuwa amemwahidi kiti. Mama aliliangalia lile begi akaniambia kando kwamba huyu msichana amekuja na safari yake tayari. Kwetu ni majani chai, na Mama ameyachuma tangu magoti yake yakiwa mazima. Mke wa mwanawe wa mwisho ndiye aliyekuwa tegemeo lake. Wakakubaliana, au tuseme Mama alikubali kwa niaba ya wote, kwamba saluni ingesubiri hadi watoto wakue kidogo.

Mtoto wa pili alikuwa ameanza kutembea wifi alipoteleza kwenye mteremko, kikapu kikiwa mgongoni, akaangukia mkono wa kulia. Bega likatoka mahali pake. Jirani mmoja, mama anayejua kukanda, alilirudisha kwa mafuta na mvuto mmoja, na baada ya wiki tatu wifi akarudi shambani. Tangu siku hiyo bega halikutulia. Lilitoka tena, halafu tena. Ndugu yangu akajifunza kulirudisha mwenyewe kwa kumvuta mkono taratibu, akiwa amemkalisha kwenye benchi la jikoni.

Anayechuma majani hafanyi kazi ya vidole tu. Anakata majani mawili na kichipukizi chake, anakata tena hadi ngumi ijae, kisha anainua mkono na kuyatupa nyuma, juu ya bega, yaingie kikapuni bila yeye kugeuka. Hufanya hivyo mamia ya mara kwa siku. Na ni hapo hasa, mkono ukiwa juu na umekwenda nyuma, ndipo bega la wifi lilipokuwa likichomoka. Kazi nyingine alizifanya. Alifua, alikama, alibeba maji. Alisuka nywele za wanawake wa kanisani Jumamosi mchana kutwa, mikono ikiwa mbele yake, na bega likanyamaza kimya.

"Ni bega gani hiyo inachagua kazi?" Mama aliuliza. "Majani inakataa. Nywele inakubali."

Nilicheka. Nisijitie usafi nisiokuwa nao: nilicheka kwa sababu nami niliamini hivyo. Mimi ni karani katika ofisi ya chuo huko Nchiru, upande wa Meru, kiti changu kina magurudumu, na mara ya mwisho kubeba kikapu cha majani nilikuwa msichana wa sekondari. Lakini nilikuwa na maoni makali sana juu ya mabega ya watu wengine. Nilimwambia ndugu yangu kwa simu kwamba mkewe anatafuta njia ya kushuka Runyenjes, na kwamba njia hiyo imepitia begani.

Ndugu yangu alikuwa katikati. Yeye ndiye aliyekuwa akilisikia lile bega likiingia, na alisema sauti yake si ya mchezo. Akampeleka kwa daktari wa mifupa mjini Embu. Daktari alimlaza, akamshika kiwiko, akauinua mkono polepole akiuelekeza nyuma. Wifi akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu, macho yamemtoka. Daktari aliacha hapo hapo, akasema hofu hiyo peke yake ni dalili. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa iko sawa, lakini akaeleza kwamba eksirei haioni vizuri vitu laini vinavyokishika kiungo. Alitaka MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Nikajitolea mara moja. Nilijua kliniki moja ya binafsi Meru mjini yenye mashine hiyo, nami nilipenda kuwa mtu anayejua mahali kama hapo. Nilisema wifi aje kwangu Nchiru, nimpeleke mwenyewe.

Na tukaelewana vizuri nyumbani, ingawa hakuna aliyelisema jambo hilo waziwazi. Mashine ikisema bega ni gonjwa, wifi angeacha majani na kwenda kukalia kile kiti cha Runyenjes. Ikisema ni zima, angerudi kwenye kikapu na maneno yangekwisha.

Alikuja kwangu Alhamisi. Ninakaa kwenye ploti iliyozungukwa na hosteli za wanafunzi, muziki mchana kutwa, na alipofika wasichana wawili wa jirani walikuwa wakihangaika kusukana nywele uani. Baada ya chai nilimkuta anawaonyesha namna ya kuanza mistari bila kuvuta ngozi. Walimuuliza anatoza pesa ngapi. Alicheka, akasema bado hajafungua. Nilimtazama ile mikono ilivyokuwa ikienda mbio, nikasema moyoni, bega gani hilo.

Kesho yake kliniki walimvua kila chuma. Hereni, saa, pete ya ndoa iliyotoka kwa sabuni, hata vile vishikizo vidogo vya nywele. Walimuuliza kama ana chuma ndani ya mwili, akasema labda risasi ya polisi, na ile sura yake ya upole ilimfanya kijana wa mashine ashindwe kujua kama ni utani. Kisha wakamwingiza. Nilikaa nje kwenye benchi nikisikia mashine inavyogonga, kama fundi wa mabati aliyekasirika.

Baada ya muda yule mtaalamu wa mashine alitoka akanijia. "Mama, kuna picha moja hatujaipata," alisema. "Zile za mkono kando ya mwili tumemaliza. Nilitaka moja ameweka mkono nyuma ya kichwa, lakini amekataa. Anasema bega itatoka."

Kulikuwa na watu wengine kwenye benchi na niliona aibu. "Huyo ni mwoga tu," nikamjibu. "Kama umepata zingine, wacha."

Alinitazama kidogo, akasema sawa, daktari wa picha ataandika. Leo ninajua alichokuwa akikitafuta. Mkono ukiwa umelala kando, kila kitu ndani ya bega kimelegea na kutulia, na mahali palipochanika panaweza kujifunga paonekane pazima. Mkono ukienda nyuma ya kichwa, pale palipochanika panavutwa na kuachana. Ni mkao wa mtu anayetupa majani kikapuni. Bega la wifi lilikuwa limepigwa picha likiwa limepumzika, na hakuna aliyewahi kusema kwamba linauma likipumzika.

Ripoti tuliichukua Jumamosi asubuhi tukapanda gari la Embu. Kurasa mbili na CD yenye picha, ndani ya bahasha kubwa. Bahasha aliibeba yeye. Mimi nililala karibu njia nzima.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa kwa Mama. Tulikuwa wanne tu: Mama kwenye kiti chake, ndugu yangu karibu na mlango, wifi kwenye kigoda akimnyonyesha mdogo, na mimi nimesimama na karatasi. Chai ilikuwa imeshamiminwa.

Nilianza vizuri. Mfupa haujavunjika, nikasoma. Kano za juu za bega ziko sawa. Maji ndani ya kiungo ni kidogo. Halafu nikakuta neno la kidaktari ambalo sikuwa nimelikuta maishani, jina la ule ukingo wa nyama ngumu unaozunguka kikombe cha bega, na nikalipita. Nikaona kuna kibonyeo kwenye kichwa cha mfupa, lakini mbele yake pameandikwa kwamba hakina kina, basi nikasema "kuna kaalama kadogo tu." Chini kabisa kulikuwa na fungu la mwisho, mistari minne au mitano. Nililiona. Lilisema picha hizi hazikutosha kwa sababu mkao mmoja haukupatikana. Lilisema mchaniko mdogo hauwezi kukataliwa kwa picha hizi, kwamba kile kibonyeo kinaendana na bega lililokuwa likitoka, na kwamba inafaa arudi, adungwe dawa ya kung'arisha ndani ya kiungo, apigwe picha upya. Sikuelewa kila neno, lakini nilielewa ya kutosha kujua kwamba fungu hilo halikubaliani na nilivyokuwa nimeshaanza kusema. Kulisoma kungenilazimu kurudi nyuma, kukiri lile neno la juu sikulijua, na Mama alikuwa ananitazama jinsi anavyonitazama tangu darasa la tano.

Nikaikunja karatasi.

"Kwa hivyo?" Mama akauliza.

"Wanasema hakuna kitu imechanika," nikasema. "Bega iko sawa."

Nilifurahi, nami sitaficha hilo. Nilifurahi kwamba Mama alikuwa amesema kweli na kwamba mimi ndiye niliyemletea huo ukweli kutoka mbali. Mama hakumcheka wifi wala kumsuta. Alimwambia tu kwa sauti ya kawaida kwamba Jumatatu majani yanachukuliwa mapema. Ndugu yangu alimtazama mkewe kwa namna mpya, na baadaye nilisikia waligombana usiku huo na kwamba alimwita mwongo. Pale mbele yangu wifi alimhamisha tu mtoto titi, akaniongezea chai.

Alichuma majani misimu miwili. Sijui bega lilitoka mara ngapi, kwa sababu aliacha kusema. Ndugu yangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa amejifunza kulirudisha mwenyewe, kwa kuinama na kuuacha mkono uning'inie, kisha anaendelea. Yule mwenye saluni alimpa mtu mwingine kile kiti. Mimi nilikuwa Nchiru kazini, nikituma sukari na salamu.

Halafu zikaja mvua ndefu, na mteremko ule ule. Aliteleza, akashika shina la mchai kwa mkono wa kulia, na bega likatoka likakataa kurudi. Ndugu yangu alijaribu, yule mama wa kukanda akajaribu, wakavuta asubuhi nzima. Walipompandisha bodaboda kwenda Runyenjes mkono ulikuwa umefungwa kwa leso na vidole havikuwa na hisia. Hospitalini bega lilirudishwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Vidole vikapata nafuu, lakini juu ya bega ngozi ilibaki imekufa ganzi, na mkono haukuinuka. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevutwa kupita kiasi.

Safari hii waliagiza ile MRI ya dawa, na nikaja nikaandamana naye tena Meru, kwenye hospitali nyingine. Daktari alimchoma sindano ndefu hadi ndani ya kiungo. Kisha mtaalamu akamwekea mito, akauinua mkono wake kidogo kidogo hadi kiganja kikafika nyuma ya kichwa. Niliruhusiwa kusimama karibu hadi hapo. Machozi yalikuwa yakimtoka yakiingia masikioni, na hakusema acha.

Daktari wa mifupa alituonyesha picha kwenye kompyuta. Ile dawa ilikuwa imepenya mahali isipotakiwa kupenya, mstari mweupe kati ya ule ukingo na mfupa. Akasema mchaniko huo ni wa zamani. Kibaya zaidi, kila mara bega lilipotoka liliukwangua mfupa wa kikombe chenyewe, na sasa mbele palikuwa pamemegeka. Zamani angeshona ule ukingo tu. Sasa ingebidi akate kipande cha mfupa kutoka mahali pengine pa bega, akikaze hapo kwa skrubu. Na kuhusu ule mshipa, hakuahidi lolote.

Aliomba ripoti ya kwanza. Nilikuwa nayo. Aliisoma yote, akafika chini, akaweka kidole pale pale.

"Hapa walishauri hii picha ya leo," alisema. "Mbona hamkurudi?"

"Hatukuelewa, daktari."

Aliangalia kitambulisho cha chuo kilichokuwa kinaning'inia shingoni mwangu, akairudisha karatasi kwenye bahasha.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimpelekea uji wodini. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia kuna kitu kwenye ile ripoti ya kwanza ambacho hakikunielea vizuri wakati ule, kwamba Kiingereza cha madaktari ni kigumu. Alinisikiliza hadi nikamaliza kujipamba.

"Dada, mimi niliisoma kwa gari," akasema. "Ulikuwa umelala."

Nilishika kikombe.

"Si yote nilielewa. Lakini ile ya mwisho nilielewa. Ati nirudi wapige ingine."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nikiwa nani? Nikukosoe wewe, mbele ya Mama, na wewe ndiye unasoma?" Alimeza uji kidogo. "Nilikuwa nakungoja ufike hapo chini. Nikaona umefika. Macho yako nikaona imefika. Halafu ukakunja."

Tangu siku hiyo nimelifikiria jambo hilo kuliko jambo lolote maishani mwangu. Si kwamba nilikosea kusoma. Ni kwamba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto kifuani, anafuata macho yangu yakishuka mstari kwa mstari, akiwa na matumaini.

Nyumbani walikuwa wamekwisha kupata wa kulaumiwa. Mama aliwaambia wageni waliokuja kumjulia hali wifi kwamba kliniki ya kwanza ilikuwa ya matapeli, mashine yao mbovu. Niliyasikia maneno hayo mara mbili nikanyamaza. Yalinifaa. Mara ya tatu tulikuwa peke yetu, Mama na ndugu yangu na mimi, na wifi yuko jikoni, na nikaona nikinyamaza tena nitanyamaza hadi kaburini. Nikaitoa ile karatasi. Nikasimama, kwa mazoea, halafu nikakaa chini.

Nilisoma yote, polepole, na palipokuwa na neno gumu nikasema hili wakati ule sikulijua. Nilipofika fungu la mwisho nililisoma kwa Kiembu mara mbili. Ndugu yangu alitoka nje kabla sijamaliza mara ya pili, nikamsikia akipiga ndoo teke uani.

"Hiyo ilikuwa hapo siku ile?" Mama akauliza.

"Ilikuwa."

"Na uliiona?"

"Niliiona, Mama."

Alijisugua goti. Mwishowe akasema niende nimwambie mke wa mwanawe kwamba tulimkosea. Hakusema nilimkosea. Alisema tulimkosea, na ukarimu huo nikaona siustahili.

Wifi alikuwa jikoni anakoroga mboga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala kando, msuli wa bega umesinyaa hadi nguo ikabonyea pale. Ilikuwa miezi mitano tangu upasuaji. Bega halikuwa limetoka tena, na daktari alikuwa ameridhika nalo. Lakini mkono uliinuka hadi kifuani tu, ukaanza kutetemeka, ukashuka wenyewe. Mtu hasuki nywele hivyo.

Nilimwambia nimewasomea, yote, na kwamba nimesema niliiona. Nikamwambia kwamba Mama anasema tulimkosea. Nikamwomba msamaha kwa maneno ambayo sasa siyakumbuki vizuri, kwa sababu nilikuwa nalia na ninachukia kulia mbele ya watu.

Alipunguza moto. Alingoja hadi nikapata pumzi.

"Nilisikia ukisoma," akasema. "Ni sawa, dada. Sasa hakuna mtu ataniita mwongo hapa. Hiyo umenirudishia." Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua akauweka juu ya meza, kama mtu anavyohamisha kitu cha mtu mwingine. "Lakini hii nani atanisomea irudi?"

Niliutoa mwiko mkononi mwake, nikaendelea kukoroga mboga hadi zikaiva.